Fahali wa Buluu

Ng'ombe alikuwa wa buluu. Inspekta alimtazama kwa mbele, akamtazama kwa ubavuni, akarudi nyuma hatua tatu mpaka kisigino chake kikagonga ndoo, na ng'ombe akabaki vilevile, buluu tupu, amejilaza kwenye majani mekundu chini ya kilima cha zambarau. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi Inspekta alikuwa amekutana na maajabu mengi, lakini yote yalifanywa na watu wenye sababu ya kudanganya. Huyu aliyechora hapa alikuwa na sababu gani? Hakujua, na kule kutojua kulimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

"Labda kahawia ilimwishia, afande," alisema Sajini, binti aliyekuwa na jibu kwa kila swali, na mara nyingine jibu lake lilifika kabla ya swali lenyewe.

"Kahawia ipo. Tazama mwenyewe."

Ilikuwepo kweli. Juu ya meza ndefu, chaki za rangi zilijaa kwenye trei tatu, vipande mia na ushei, vingine vimetumika mpaka vikabaki ukubwa wa jino. Pembeni kulikuwa na mkaa wa kuchorea, matambara, na chupa ya dawa ya kugandishia rangi. Vumbi la chaki lilikuwa limeingia kila mahali: kwenye swichi ya taa, kwenye kitasa cha mlango, hadi kwenye sabuni ya kunawia. Inspekta alikwisha kujipaka manjano kwenye suruali na alikuwa anajifanya hajaona.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi. Ikifika saa nane mchana, mwenye chumba hiki angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua mumewe, na kosa hilo halina dhamana. Angerudishwa mahabusu akasubiri miezi, pengine miaka.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mume, mpima ardhi mstaafu, alikutwa amekufa Jumanne kwenye kiti cha kukunja, juu ya malisho ya shamba moja nje ya mji, alikomsindikiza mkewe kwenda kuchora. Ndani ya kikombe chake daktari alikuta dawa ya kulazia mifugo, ile wanayopewa mafahali wakorofi kabla ya kukatwa pembe. Mwenye shamba alieleza kwamba aliwaona wawili hao wakigombana saa nne kamili, mume amesimama, mikono hewani, mke akimsukumia kikombe. Saa nne na nusu mke alifika getini kwake akipiga mayowe. Yeye mke chai hiyo hakuionja hata tone. Na tangu alipokamatwa Jumatano, mchoraji alikuwa ametamka maneno mawili tu mbele ya polisi: "Andikeni mtakavyo."

Mwendesha mashtaka alikuwa anasugua viganja kwa furaha. Inspekta hakuwa na furaha hiyo. Alikuwa hajaelewa, na hakupenda kumpeleka mtu gerezani akiwa hajaelewa.

"Na hili ndilo litakalommaliza," Sajini alisema, akainua daftari lenye jalada gumu lililokuwa limening'inia kwa kamba kwenye stendi ya kuchorea. "Sikiliza, afande. 'Jumatatu. Amenitoroka tena. Kesho nitamvizia alfajiri.'"

"Mwezi gani?"

"Uliopita. Sikiliza hii. 'Alhamisi. Leo nimembana ukutani. Shingo imenishinda. Miguu nimeikata.'"

Inspekta alikaa kwenye kiti.

"'Jumamosi. Mkaidi sana huyu. Nimemmaliza kwa hasira na sijutii.' Halafu ya mwisho, siku yenyewe. 'Jumanne. Amelala. Nimemmaliza kwa dakika ishirini, hakutikisika hata kidogo. Sijawahi kupata raha kama hii.'" Sajini alifunga daftari taratibu. "Hapo, afande, wakili aje hata na mabawa, hamtoi."

Kutoka mlangoni ilisikika sauti ya mtu anayekohoa, kisha ikawa wazi kwamba si kikohozi. Dada mkubwa wa mchoraji, mama mnene mwenye magoti mabovu aliyewafungulia nyumba, alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko peke yake, maana mdogo wake alikuwa ndani siku ya tatu.

"Mwanangu," alimwambia Sajini, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Huyo wa Alhamisi, aliyebanwa ukutani, ni punda."

"Mtu punda?"

"Punda! Mwenye masikio!" Akajikokota mpaka kwenye kabati la droo pana, akavuta karatasi moja, akaiweka mezani. Punda wa kijani alikuwa amesimama kando ya ukuta, shingo imefutwa na kuchorwa upya mara tatu, na karatasi ilikuwa imeishia kwenye magoti yake. "Miguu kaikata, karatasi ilikuwa ndogo. Huyu hapa aliyemtoroka ni korongo, ndege. Akinyanyua mkaa tu, korongo huyo karuka. Na mkaidi ni mbuzi wa jirani, kamlia kofia."

Kila picha ilikuwa na tarehe kwenye kona. Sajini alizilinganisha na daftari moja baada ya nyingine, na kila moja ilipokubali, uso wake uliporomoka kidogo.

"Lakini ameandika 'amenitoroka', 'nimemmaliza'," alilalamika. "Kama mtu."

"Aandikeje sasa? Punda naye si ana roho?" Dada mtu akageukia kwa Inspekta. "Baba, kosa ni la lugha yetu wenyewe. Mtu ni 'a', mbuzi ni 'a'. Mdogo wangu angekuwa anachora vikapu, daftari lingesema 'kimenishinda, nimekimaliza,' na saa hizi angekuwa kwake anakunywa uji."

Inspekta alijikuta anatabasamu, kisha akaacha. Ushahidi mmoja ulikuwa umekufa mikononi mwake, na hakuna kilichozaliwa badala yake. Picha ya Jumanne ilikuwa hii ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amelala, daftari lilisema "amelala", na tarehe ilikuwa kwenye kona. Maelezo ya mwenye shamba yalibaki palepale, na kikombe kilibaki palepale.

"Mama, nieleze anavyofanya kazi," alisema. "Kuanzia anapofika mpaka anapofunga. Mimi mambo haya sielewi kabisa."

Hakuhitaji kuombwa mara mbili. Dada mtu alikuwa amemsindikiza mdogo wake miaka mingi kabla ya magoti kumsaliti na shemeji yake kuchukua kazi ya kubeba stendi.

"Anaanza na kivuli," alisema. "Akifika tu, hata kofia hajavua, kashika mkaa. Jua halimsubiri mtu. Dakika mbili vivuli vyote viko kwenye karatasi, anavipulizia hiyo dawa, vinaganda, na hagusi tena. Hata akikosea, hagusi. Halafu ndiyo anachora nchi: anga, kilima, majani. Mnyama anakuja mwisho kabisa. Anasema mnyama ataondoka, lakini mahali pake hapaondoki."

"Na hizi rangi?"

"Rangi zake usiziamini hata moja. Majani anayalazia nyekundu kwanza, ili kijani kikija juu kichangamke. Siku nyingine nyekundu ikimpendeza anaiacha hivyohivyo. Ukimuuliza mbona punda ni wa kijani, anakwambia ndivyo alivyomsikia. Tulishagombana sana. Lakini vivuli vyake, baba, unaweza kuvitegemea kama saa."

"Chai hanywi?"

"Akishika chaki hali wala hanywi mpaka anawe kwa sabuni mara mbili. Nyingine zina sumu. Chai ilikuwa ya shemeji peke yake, kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Hata hao wa shambani. Si wao wanaomjazia chupa kila wakipita?"

Sajini alinyanyua kichwa. Inspekta alimtuliza kwa kidole, kwa sababu alikuwa ameshikwa na jambo lingine. Alikuwa amelifungua daftari tena na anatazama, si maandishi, bali pembezoni mwake. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya dole gumba.

"Anaandika wakati gani?"

"Akimaliza tu. Palepale alipo, mikono michafu hivyohivyo. Anasema akinawa anasahau."

Ukurasa wa punda ulikuwa na dole la kijani. Korongo alikuwa wa manjano, na dole lilikuwa la manjano. Mbuzi alikuwa wa waridi, na dole la waridi lilikuwepo. Inspekta alifungua ukurasa wa Jumanne, akausogeza dirishani, akauinamia mpaka pua ikakaribia kuugusa. Dole lilikuwa la kahawia iliyoelekea wekundu, kama matofali. Buluu haikuwepo hata chembe.

"Alipoandika 'nimemmaliza'," alisema polepole, "huyu ng'ombe alikuwa bado hajachorwa."

"Basi alimmaliza nani?" Sajini aliuliza.

Inspekta alibeba picha kwa ncha za vidole, akailaza kwenye kizingiti cha dirisha ambako mwanga uliingia kwa mshazari, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakumtazama ng'ombe. Alitazama chini yake. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, amekunja miguu yote minne tumboni. Kivuli chake kilikuwa na miguu minne iliyonyooka, myembamba kama fimbo, na juu kabisa, pale ambapo pembe zingepaswa kuwa, kilikuwa na kitu cha mviringo kama sahani.

"Sajini, umeona ng'ombe aliyelala mwenye kivuli kilichosimama?"

"Hapana, afande."

"Miguu hiyo ni ya kiti. Na ile sahani ni kofia."

Mwanga wa mshazari ulikuwa unaonyesha mengine pia. Chaki ikikandamizwa huacha mfereji kwenye karatasi, na rangi ikija juu yake huufunika ila haiuzibi. Chini ya buluu ya ng'ombe kulikuwa na mstari wa bega, mstari wa mkono uliolegea pajani, na magoti mawili ya mtu. Chembe za kahawia zilichungulia hapa na pale.

"Orodha ya vielelezo. Shati la marehemu."

Sajini hakuhitaji kufungua faili. "La mikono mirefu, rangi ya matofali."

Dada mtu alitafuta pa kukaa, akakosa, akakalia ndoo. "Shemeji," alisema.

Sajini alinong'ona, kwa heshima ya aliyekaa kwenye ndoo. "Afande, basi daftari limefufuka. Si punda wala ng'ombe. 'Amelala. Nimemmaliza.' Amekiri."

"Au amesema alichosema siku zote. Amemaliza kuchora."

"Tutajuaje?"

Inspekta alitaka kusema kwamba hajui. Kichwa chake kilikuwa kama droo iliyomwagwa. Lakini alikumbuka kwamba ndani ya fumbo lote lile kulikuwa na kitu kimoja kilichowekwa kwa dakika mbili na kugandishwa.

"Kwa saa," alisema. "Chukua kile kiti cha kukunja kwenye vielelezo. Na kofia yake. Twende."

*

Malisho yalikuwa ya kijani kama malisho mengine yoyote duniani, na kilima kilikuwa cha kijivu. Inspekta alijihisi amedanganywa kidogo. Vigingi vya polisi vilikuwa bado vimesimama pale kiti kilipokuwa, na hatua tatu mbele yake palikuwa na jiwe jeupe lenye ufa katikati. Jiwe hilo lilikuwemo kwenye picha. Ukingo wa kivuli cha kofia ulikuwa umegusa ufa.

"Kaa," alimwambia Sajini.

"Mimi?"

"Wewe ndiye marehemu."

Sajini alikaa. Inspekta alifungua ripoti ya daktari, akasoma kimo, akampimia kwa futi ya kamba kutoka ardhini mpaka utosini, akamwambia asimame, akakunja koti lake mara mbili akaliweka kitini, akamkalisha tena. Akamvika kofia. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Jumanne, na katika siku tatu jua halihami kiasi cha kumtia mtu aibu.

"Nikae mpaka lini, afande?"

"Mpaka ufike kwenye ufa. Usitikisike."

Kivuli cha kofia kilikuwa bado upande wa kushoto wa jiwe. Kilitambaa. Inspekta alichuchumaa na saa mkononi, na Sajini akaanza kulalamika kuhusu nzi, na hivyo ndivyo mwenye shamba alivyowakuta.

Alikuwa mwanaume mrefu mwenye buti safi kuliko inavyotarajiwa kwa mfugaji, na redio ndogo ilikuwa inaimba mfukoni mwake. Aliwasalimia kwa ukarimu, akauliza kama wanahitaji chai.

"Tunashukuru, tumekunywa," alisema Inspekta bila kunyanyuka. "Nisaidie jambo moja. Ugomvi uliouona ulikuwa saa ngapi?"

"Saa nne kamili. Nilishasema."

"Unajuaje?"

"Taarifa ya habari." Akagonga redio. "Ilikuwa inaanza. Nilikuwa pale kwenye zizi."

"Si saa nne kasoro? Si na robo?"

"Inspekta, taarifa ya habari haina kasoro."

"Na marehemu alikuwa amekaa?"

"Amesimama! Mikono juu, namna hii. Anamfokea mkewe. Na mkewe na kikombe, chukua, chukua."

"Alisimama muda gani?"

"Robo saa nzima. Mpaka nikaona haya nikaondoka zangu."

Inspekta aliyaandika hayo kwa mstari ulionyooka, akampa kalamu, na mwenye shamba akatia sahihi kwa madaha akilitumia paja lake kama meza. Alipoondoka, Inspekta alitazama jiwe. Ukingo wa kofia ulikuwa umeingia ndani ya ufa kama ufunguo kwenye kitasa. Saa ilisema saa nne kasoro dakika kumi na moja.

"Basi," alisema. "Umefufuka."

Kwenye gari Sajini alihesabu kwa sauti. Kivuli kiliwekwa saa nne kasoro dakika kumi na moja. Daftari lilisema dakika ishirini, kwa hiyo picha iliisha saa nne na dakika tisa. Katika dakika zote hizo mtu alikuwa kwenye kiti, ametulia, magoti pamoja, mkono pajani. Na taarifa ya habari haina kasoro.

"Mwenye shamba kasema uongo," alimalizia, macho yamemtoka.

"Na mpima ardhi alimpimia mpaka wa juu wiki mbili kabla. Ramani iko kwenye mkoba wa marehemu, kwenye vielelezo. Malisho haya si ya bwana yule, ni ya jirani yake. Chai ilitoka jikoni kwa mwenye shamba, na alijua atakayekunywa ni mmoja."

"Lakini, afande, wakili wake atasema mama alibuni kivuli, ajitetee."

"Mtu akibuni utetezi haufukii chini ya ng'ombe."

Sajini akauliza lile ambalo Inspekta mwenyewe alikuwa analizunguka tangu asubuhi. "Sasa kwa nini aliufukia? Karatasi hiyo ndiyo pona yake. Alikuwa nayo mkononi Jumanne jioni, tulipomwacha alale kwake. Badala ya kutuletea, akakaa akachora ng'ombe juu yake."

"Sijui," alisema Inspekta. "Na bila yeye kusema mwenyewe picha hii ni nini, mwendesha mashtaka ataona ng'ombe tu."

*

Mchoraji aliletwa chumba cha mahojiano saa sita na dakika arobaini. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele fupi zenye mvi, na chini ya kucha zake buluu ilikuwa haijatoka. Aliiona picha mezani, akaacha kutembea. Askari aliyemleta ikabidi amshike kiwiko.

"Kaa, mama."

Alikaa. Inspekta aliweka kando yake karatasi mbili, ya maelezo na ya kumwachia huru, ya pili ikiwa haijasainiwa.

"Hii ni picha ya nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe havai kofia."

Inspekta alimweleza yote bila kumficha: dole gumba, miguu ya kiti, jiwe, saa, taarifa ya habari. Alimweleza habari za mwenye shamba na mpaka. Alipofika hapo mwanamke alifumba macho, na Inspekta akaona kwamba hilo alikuwa halijui. Hakuwa anamlinda mtu yeyote.

"Mheshimiwa wetu wa mashtaka," alisema Inspekta, akijaribu mzaha ili amlegeze, "anakuja saa nane. Ukiniambia huyu chini ya ng'ombe ni mumeo, na kwamba ulimchora akiwa ametulia kwenye kiti tangu mwanzo mpaka mwisho, leo jioni unalala kwako. Ni sentensi moja tu, mama."

"Najua."

"Basi mbona husemi?"

Mchoraji aliitazama picha kwa muda. Alipoanza kuongea hakuwa anamwangalia yeyote.

"Miaka ishirini na sita nimekaa naye. Kila mara namwomba nimchore, kila mara anakubali, na kila mara dakika ya pili anajikuna, anapiga chafya, anataka kuona nimefika wapi. Mbuzi ana nafuu. Nikaacha. Nikachora mbuzi. Jumanne tulifika, akanywa chai yake, akakaa. Nilikuja kuchora kilima. Nikageuka nikamwona amelala, kofia imemshuka hivi, na mwanga umemkalia begani. Nikasema, leo nimempata. Nikashika mkaa."

"Kisha?"

"Kisha nikachora. Alitulia, Inspekta. Nilimwanzia yeye, kilima nikakiweka baadaye nyumbani, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nilikuwa naongea naye huku nachora. Nilikuwa na furaha. Nikamaliza, nikaandika kwenye daftari kwamba sijawahi kupata raha kama hii, nikaenda kumwamsha aone."

Sajini, aliyesimama mlangoni, alitazama sakafu.

"Hilo si kosa," alisema Inspekta. "Hukujua. Mtu yeyote angedhani amelala."

"Daktari wenu anasema alikufa saa ngapi?"

Inspekta alitamani asingekuwa ameisoma ripoti ile. Daktari alikuwa ameandika kwamba dawa ya namna hiyo kwanza humlaza mtu, kisha huupunguza moyo kidogo kidogo, na kwamba wengi wakiwahiwa hupona. Alikuwa ameandika kati ya saa tatu na nusu na saa nne na dakika kumi, na alipopigiwa simu akasema zaidi ya hapo hawezi kuapa.

"Hajui kwa uhakika," alisema. "Inawezekana kabisa alikuwa ameshaondoka kabla hujashika mkaa."

"Dada amekwambia mimi kivuli sikigusi mara mbili."

"Ameniambia."

"Tazama kofia."

Inspekta alivuta picha karibu. Alikuwa ameupima ukingo ule asubuhi nzima, mpaka kwenye ufa wa jiwe, na hakuwa ameona kitu. Sasa aliona. Kando ya mstari wa mkaa, nyuma yake kwa upana wa kidole, palikuwa na mstari mwingine uliofifia, umefutwa kwa tambara haraka. Ukingo wa kofia ulikuwa umechorwa mara mbili, maana kichwa kilikuwa kimesogea.

Huenda kilikuwa kichwa cha mtu aliyezama usingizini. Huenda kilikuwa kichwa cha mtu anayekata roho. Huenda alisikia sauti ya mkewe na alikuwa anajaribu kumgeukia. Karatasi haikusema, na daktari asingeweza kusema, na Inspekta, aliyekuwa ameamka asubuhi akiwa haelewi, sasa alielewa kila kitu isipokuwa hilo.

"Mama," alisema, na sauti yake ikatoka chini kuliko alivyokusudia. "Mstari huo hauhitajiki. Ninachohitaji ni saa. Sema ni mumeo, sema alikuwa kitini, basi. Hakuna atakayeuona huo mwingine."

"Ukiweka moja, weka na jingine."

"Litasomwa mahakamani. Mbele ya watu."

"Ndiyo." Akafuta uso kwa kiganja, na kiganja kikamwachia mchirizi hafifu wa buluu shavuni. "Ndiyo maana nilimfunika. Nikaona afadhali waseme nimemuua kuliko kusema hili. Lakini kama yule bwana ataponyoka kwa sababu yangu, siwezi. Andika."

Sajini alisogea mezani bila kuambiwa, akamimina maji kwenye glasi, akaiweka karibu na mkono wa mchoraji. Inspekta alichukua kalamu, akaandika tarehe, akaandika saa.

"Andika kwamba ni mume wangu. Alikuwa kwenye kiti tangu mwanzo mpaka mwisho. Andika kwamba nilipoweka kivuli chake aliinamisha kichwa, na mstari ukaniharibikia, na nikakasirika. Nikamwambia, 'Wewe nawe, dakika mbili tu, tulia.'"

Kalamu ilimfuata mpaka hapo, ikasimama.

"Akatulia," alisema.

Inspekta aliandika neno hilo, akaisaini karatasi ya pili, akamgeuzia zote mbili.